Mavazi ya Enzi Mbele ya Kamera

Enzi haijapata kutembea uchi. Tangu binadamu walipoanza kutawaliwa na binadamu wenzao, mtawala ameonekana kabla ya kusikiwa na amevaa kabla ya kutiiwa, na katika kila taifa lililoandikwa katika tarehe za ulimwengu, liwe la mashariki au la magharibi, pamekuwa na kitambaa, kito, manyoya au ngozi ya mnyama mkali ambayo raia alikatazwa kuivaa, ili macho yake yakiri ukubwa ambao akili pengine ingeuhoji. Wazee wa pwani yetu waliijua siri hii barabara. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na mwenzake ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba, hazikuwa ala za kupulizwa katika karamu tu, bali zilikuwa hoja ya utawala, na aliyekuwa nayo mkononi alishika jambo ambalo asiyekuwa nayo hakuweza kulijibu kwa maneno. Kadhalika mwavuli, joho, kilemba na jambia. Katika hayo hapana aibu, maana taadhima ya vazi huweza kumkumbusha mvaaji wajibu wake kama inavyomkumbusha mtazamaji utii wake. Aibu huanza siku insafu inapoondoka na vazi likabaki, watu wakaendelea kuinamia nguo iliyokwisha kuhamwa na kilichoipa maana. Ndipo enzi inapokuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kamera ilipofika Afrika iliikuta ada hii imekomaa, ikaitumikia kwa unyenyekevu. Ilimpiga picha liwali, ikampiga picha gavana, ikaja ikampiga picha rais, na picha hiyo ikatiwa katika fremu na kutundikwa juu ya kila kiti cha mkuu wa ofisi, ili mtu aliyekwenda kuomba kibali cha kuuza samaki aombe chini ya jicho la dola. Sifa kubwa ya kamera ni kwamba haisemi ila ilichokiona, walakini sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya kuwa shahidi mwepesi wa kuhadaiwa: isimamishe mbele ya uongo uliovaa vizuri, nayo itauleta uongo ule kamili, kila uzi mahali pake, na itakula kiapo kwamba ndiyo kweli. Kwa sababu hiyo wako wapiga picha walioamua kushika njia ya pili, wakaushona uongo wenyewe, wakauvaa mchana kweupe, wakauweka katika mandhari ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeidhani kuwa ya kweli, kisha wakaupiga picha, ili mtazamaji akiisha kucheka ajiulize kama vazi lile hajapata kuliona mahali pengine, juu ya mtu ambaye si ruhusa kumcheka. Nataka kuwatafakari wawili katika hao: Samuel Fosso wa Bangui na Kudzanai Chiurai wa Harare.

Nianze na Bangui, kwa kuwa hapo mtawala aliwatangulia wasanii katika maajabu. Jean-Bédel Bokassa, askari aliyeitwaa Jamhuri ya Afrika ya Kati katika usiku wa kuamkia mwaka 1966, hakutosheka na urais, wala hakutosheka na urais wa maisha aliojipatia mwaka 1972, bali mwezi wa Desemba 1976 aliigeuza jamhuri kuwa himaya, na tarehe 4 Desemba 1977 akajivika taji kwa mikono yake mwenyewe, kwa kumwiga Napoleon aliyejivika lake huko Paris mwaka 1804. Alivaa joho la bahameli lenye mkia mrefu wa kuburura, akaketi juu ya kiti cha enzi chenye umbo la tai mkubwa aliyekunjua mbawa zake, na tai mwenyewe aking'aa dhahabu tupu katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya michezo. Gharama za siku ile zilikisiwa kufika dola milioni 20 za Kimarekani, na sehemu kubwa ya mzigo huo ikabebwa na Ufaransa, katika nchi ya watu wapatao milioni mbili ambao wengi wao barabara ya lami waliisikia kwa jina tu. Wapiga picha wa magazeti ya ulimwengu walikuwapo, na picha walizozipiga ni sahihi kabisa: joho ndilo lile, tai ndiye yule, farasi ndio wale wa kuvuta gari la mfalme. Lakini mtu azitazamaye leo bila ya maelezo atadhani ametazama mchezo wa kuigiza wenye fedha nyingi na mtunzi hafifu.

Kilichofuata kilithibitisha kwamba mavazi si masihara. Mwanzoni mwa mwaka 1979 wanafunzi walilazimishwa kununua sare maalumu za shule, na sare hizo zilitoka katika kampuni iliyokuwa na mkono wa ukoo wa mfalme. Wazazi, ambao mishahara yao ilikuwa imekawia, hawakuwa na fedha. Watoto wakaingia barabarani mwezi wa Januari, wakakutana na risasi. Mwezi wa Aprili wakakusanywa kutoka majumbani na kutupwa katika gereza la Ngaragba, na idadi ya waliokufa humo ilikadiriwa kuwa kama mia moja. Tume ya wanasheria wa Kiafrika iliyochunguza kadhia hiyo iliyathibitisha mauaji, na katika Septemba ya mwaka huohuo askari wa Ufaransa, dola ileile iliyosaidia kulipa gharama za taji, walimwondoa mfalme alipokuwa ziarani Libya. Himaya ilizaliwa kwa joho ikafa kwa sare, na baina ya nguo hizo mbili, moja ya mtu mmoja na nyingine ya watoto wote, mna tarehe nzima ya dhuluma iliyo wazi kuliko hotuba zote zilizotolewa.

Katika mji huohuo, miaka miwili kabla ya taji, mvulana wa miaka 13 alifungua studio ya picha. Samuel Fosso alizaliwa Kumba, Kamerun, mwaka 1962, akalelewa na jamaa zake wa Kiigbo huko Nigeria, akaponea chupuchupu katika vita vya Biafra, na mwaka 1972 akaletwa Bangui kwa mjomba wake aliyekuwa akishona viatu. Alijifunza upigaji picha kwa miezi michache tu kwa mpiga picha wa jirani, kisha Septemba 1975 akafungua duka lake liitwalo Studio Photo Nationale, akiwaahidi wateja kwamba watatoka humo wazuri, watanashati na wepesi wa kutambulikana. Mchana alipiga picha za pasi, za arusi na za mama waliobeba vichanga. Jioni, mlango ulipofungwa, hakuviacha vipande vya filamu vilivyosalia vipotee, bali alijisimamisha mwenyewe mbele ya pazia, amevaa suruali pana za mtindo, viatu vya visigino virefu na miwani ya jua, akajipiga, na picha nyingine akampelekea bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu wake yu hai na hali yake njema.

Hakukusudia siasa, na ni dhuluma kumtwika mtoto nia asiyokuwa nayo. Walakini maana ya kitendo haiishi katika nia ya mtendaji peke yake. Katika mji ambao mtu mmoja alijipa ruhusa ya kuwa lolote alitakalo, leo rais, kesho mfalme, keshokutwa Napoleon, mvulana mmoja nyuma ya pazia alijipa ruhusa hiyohiyo kila jioni, bila ya kumtoza mtu kodi na bila ya kumtia mtu gerezani. Tofauti ya michezo hiyo miwili ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: mvulana alijua kuwa anacheza.

Miaka ishirini ilipita hata mchezo ule ukapata ulimi. Mwaka 1997 duka la Tati la Paris, likisherehekea nusu karne ya biashara yake ya nguo za bei nafuu, lilimwita Fosso pamoja na wapiga picha wakubwa wa Mali, Seydou Keïta na Malick Sidibé. Naye badala ya kuwapiga wanunuzi alijipiga mwenyewe katika sura za watu mbalimbali, na sura iliyoshinda zote ni ya Chifu, yule ambaye jina la picha lenyewe linamtaja kuwa ndiye aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Ameketi kitini kama kwamba ni arshi, amezungukwa na vitambaa vya marangirangi vinavyogombania jicho, amejitanda ngozi ya chui, shingo na mikono imelemewa na dhahabu, machoni ana miwani ya jua ya kisasa, na mkononi, mahali ambapo pangestahili fimbo ya utawala, ameshika maua ya alizeti. Chui ni wa dukani. Dhahabu haiwezi kumhadaa sonara. Ua la alizeti halitawali chochote. Likiwa changa hulifuata jua popote liendapo, kama chifu wa namna hii anavyomfuata mwenye fedha.

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo wengi hulipita kwa haraka kwa kuwa wameshughulishwa na rangi. Fosso angeweza kumtafuta mtu mwingine amvike ngozi ile, amnyooshee kidole, na sote tungecheka kwa raha pamoja naye, kila mmoja wetu akijihesabu kuwa upande wa wasafi. Hakufanya hivyo. Uso ulio ndani ya vazi la mwuzaji ni uso wa mpiga picha mwenyewe, kijukuu cha watu waliouzwa na raia wa nchi iliyouzwa, na kwa kuuweka uso wake pale amekiri kwamba khiyana si kabila la watu wachache waliozaliwa waovu, bali ni joho linaloweza kumkaa kila mwili. Kejeli ya kumkejeli mwingine huisha kicheko kinapokwisha. Kejeli iliyoanzia katika nafsi ya mwenye kukejeli hukaa na mtazamaji mpaka ajipime mwenyewe.

Wala Fosso hakudhani kwamba kila msiba una vazi lake. Katika vurugu za Bangui za mwaka 1997, majeshi yalipokuwa yakiasi na kuasiwa, rafiki na jirani yake aliuawa na watu wenye silaha. Na alipokuja kulitengenezea jambo hilo mfululizo wa picha mwaka 2000, mtu huyu aliyejulikana kwa wingi wa mavazi yake alivua yote. Hakuna chui, hakuna dhahabu, hakuna alizeti. Ni mwili mtupu wa mwanamume katika chumba cha kulala, kwa rangi nyeusi na nyeupe, mwili wa mtu aliyesikia kishindo usiku asijue kama zamu inayofuata ni yake. Ukiziweka picha hizi kando ya ile ya Chifu utaona kwamba ni kauli moja iliyosemwa kwa pande zake mbili: pale juu mna nguo nyingi mno, na hapa chini mna ngozi peke yake, na nguo ile ya juu ilinunuliwa kwa kumvua huyu wa chini.

Kudzanai Chiurai yeye alizaliwa Harare mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya uhuru, na kwa hivyo umri wake na umri wa matumaini ya Zimbabwe unakaribia kulingana. Alisoma sanaa Pretoria, na baada ya kuitengeneza sura ya Rais Robert Mugabe yenye pembe katika ndimi za moto aliona ni salama zaidi kukaa Johannesburg kuliko kurudi kwao. Zimbabwe ya wakati huo ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka wa yanayosadikika. Katika uchaguzi wa Machi 2008 Morgan Tsvangirai wa upinzani alimtangulia Mugabe, lakini mateso waliyopata wafuasi wake yalimfanya ajitoe kabla ya duru ya pili; takwimu za serikali yenyewe zilisema mfumuko wa bei katika Julai ya mwaka huo ulifika asilimia milioni 231; na Januari 2009 benki kuu ikatoa noti ya dola trilioni 100, yenye sifuri 14 zilizopangwa safu, ambayo mtu aliweza kuishika mkononi, tajiri wa tarakimu, na akarudi nyumbani bila ya chakula.

Mwezi uliofuata ikaundwa serikali ya mseto, vyeo vikagawanywa, na katika mwaka huohuo Chiurai akaunda baraza lake mwenyewe. Alipiga mfululizo wa picha za mawaziri wa dola isiyokuwapo: yuko Waziri wa Fedha, yuko wa Ulinzi, yuko wa Elimu, yuko wa Afya, na juu yao yuko rais. Ni vijana wazuri, wenye mapozi ya majarida ya mitindo na video za muziki, wamevaa mchanganyiko wa manyoya, mikufu, miwani ya jua na vitambaa vya fahari, mbele ya mapazia yaliyopambwa kama ya studio za mitaani, na hawaoni haya hata kidogo. Mtazamaji huja tayari kuwachukia, na hapo ndipo anaponaswa, kwa kuwa baada ya dakika mbili hujikuta anawahusudu. Chiurai amewavika si tamaa ya watawala peke yake bali na tamaa ya watawaliwa. Amemwonyesha kijana wa Mbare mjini Harare au wa Soweto mjini Johannesburg kwamba vazi analoliota usiku na vazi linaloitafuna nchi yake yametoka kwa fundi mmoja.

Huenda mtu akauliza haja ya njozi hizi iko wapi, na kwa nini msanii asimpige picha mgonjwa aliyelala chini katika hospitali isiyo na dawa, au foleni ya mkate, tukaelewana. Picha hizo zina kazi yake na ole wetu zikikoma. Lakini msiba ukidumu, jicho huuzoea. Foleni ya kwanza ni habari, ya mia ni mandhari. Isitoshe, wakati hali yenyewe imekwisha kuwa kama ndoto ya mwenye homa, picha ya kawaida huipunguza makali, kwa maana huipa utaratibu ambao haina. Njozi za picha wala si kitu cha kigeni kwetu. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye hakusomea sanaa katika chuo chochote, alikata na kuunganisha vipande vya picha studioni pake akawatia watu mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kuingia, na watu wa mjini wakazipenda kazi zake pasipo kuhitaji mtu wa kuwafafanulia. Jicho la Mswahili lilikwisha kujua kwamba picha yaweza kuwa ya uongo katika dhahiri yake na ya kweli katika batini yake.

Liko pingamizi jingine zito zaidi. Picha hizi aghalabu hutundikwa Ulaya na Marekani, hununuliwa na matajiri wa huko, na yamkini wapo wazitazamao kwa kicheko cha dharau, wakisema kwamba Afrika ndivyo ilivyo, chui na dhahabu na jeuri. Silikanushi. Lakini dharau hiyo humrudia mwenyewe akikumbuka ni nani aliyelipia bahameli ya mwaka 1977, na ni nani mnunuzi katika biashara ambayo Chifu wa Fosso ndiye mwuzaji. Maana hapana muuzaji pasipo mnunuzi, na picha ile imewataja wote wawili katika jina lake. Ama kusema kwamba aibu za nyumbani zisitolewe nje, hilo ni neno jema kwa aibu ndogo. Aibu iliyokwisha kuzika watoto haina tena nyumba ya kufichiwa.

Wala tusiipe sanaa nguvu isiyokuwa nayo. Mwezi wa Machi 2013 waasi wa Seleka waliingia Bangui, mwishoni mwa mwaka huo wapiganaji wa anti-balaka wakaja kulipiza, jirani akamgeukia jirani kwa sababu ya dini yake, na Februari 2014 nyumba ya Fosso, ambaye mwenyewe hakuwapo mjini, ilivunjwa na kuporwa. Waporaji walichukua vyenye bei sokoni. Maelfu ya negativu na picha wakazimwaga nje katika vumbi, na watu wakazikanyaga. Waandishi wa habari za vita, Jerome Delay na Marcus Bleasdale, pamoja na Peter Bouckaert wa Human Rights Watch, walipoligundua jambo hilo waliacha kazi yao kwa muda wakainama kuziokota. Katika vumbi lile hazikuwamo sura za Fosso tu. Walikuwamo na raia wa Bangui, maarusi na vichanga na wavulana wa mtindo, wale walioahidiwa kwamba watakuwa wepesi wa kutambulikana. Dola iliyotumia mamilioni ili mtu mmoja atambulikane ulimwenguni haikuweza kuzilinda nyuso za watu wake katika chumba kimoja.

Harare nayo ilitoa ushahidi wake. Alfajiri ya tarehe 15 Novemba 2017 jenerali mmoja alitokea katika televisheni ya taifa, amevaa kombati na bereti, akawaambia wananchi kwamba jeshi halikuichukua serikali. Na wananchi wakaisikiliza sauti kwa sikio moja, wakaisoma kombati kwa macho yote mawili, na siku sita baadaye Mugabe akajiuzulu. Watu waliolelewa na miaka thelathini na saba ya hotuba walijua kwamba katika dola ya namna ile mdomo huweza kukana kile ambacho nguo imekwisha kukikiri.

Hukumu yangu basi ni hii. Picha ya mavazi na njozi haiangushi mtawala, wala haijazi ghala, wala haimrudishi aliyekufa. Kazi yake ni kumwondolea raia hofu ya nguo, kwa kumwonyesha mshono wake, bei yake na mwili wa kawaida uliomo ndani yake. Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na enzi tunazozihofu ni vinyago tulivyovichonga kwa makofi yetu, kwa kura zetu za woga na kwa vilemba vya ukoka tulivyowavika wakubwa huku tukingoja fadhila. Nanyi vijana wa Mombasa, wa Dar es Salaam, wa Goma na wa Bujumbura mlio na kamera mfukoni, ambazo Fosso alipokuwa na miaka 13 hata hakuziota, mkitaka kuwavika wakubwa ngozi ya chui ili muwacheke, vikeni. Lakini anzeni kwa kuijaribu ngozi hiyo katika miili yenu wenyewe, mtazame kwenye kioo inavyowakaa, na ikiwa imewakaa vizuri mno, semeni hivyo katika picha.